Mwaka Niliohesabu Vyoo

Tulimzika Mzee Khaemba Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake upande wa Kibabii, na kilichonipokea nilipoingia bomani si vilio, ni harufu. Mahema yalikuwa yamejaa hadi kwenye miwa, sufuria za nyama zilikuwa zinatokota nyuma ya jikoni, na choo kimoja cha shimo kilikuwa kimebeba haja za waombolezaji wote tangu Jumatano. Foleni ya akina mama ilifika zizini. Waliokuwa mbele walikuwa wamefunika pua kwa leso, na waliotoka walikuwa wanafuta viatu kwenye nyasi bila kutazamana. Nimefanya kazi ya afya ya umma zaidi ya miaka ishirini, wanafunzi wangu pale chuoni huniita Prof wa Mavi wakidhani sisikii, na pua yangu bado haijazoea.

Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na choo cha pili, cha matofali, mlango wake wa bati umepakwa rangi ya kijani, na kwenye mlango ule lilining'inia kufuli jipya ambalo hata kibandiko cha bei hakijabanduliwa. Bwana mmoja wa kamati ya mazishi, beji kifuani, aliniona nikilitazama. "Hio ni ya waheshimiwa, Prof," akaniambia. "Tumeifunga ndio isichafuliwe. Lakini wewe si ni wetu, bana, ukitaka nakufungulia." Nilimwambia asante, niko sawa. Sikuwa sawa. Maana wakati huohuo nilimwona Rispa, mke wa mwana mkubwa wa marehemu, mwanamke aliyekuwa amesimama kwenye moto tangu alfajiri, akipita kando ya kile choo cha kijani bila kukitupia jicho, akaruka mtaro, akajipenyeza ndani ya mahindi ya jirani. Nilikijua choo kile. Nilijua kilichimbwa mwaka gani na kwa ajili ya nani. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki na programu ya mazishi mapajani, nikichemka, na huku mahubiri yakiendelea akili yangu ilirudi mwaka wa elfu mbili na tano.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka Uholanzi, ambako nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamivu, nikarudi nyumbani kukusanya takwimu. Nilikuwa na walezi wawili wa masomo. Kule ng'ambo alikuwepo Profesa Margriet, mwanamke mrefu, mpole wa sauti na mkali wa kalamu, aliyesoma kila ukurasa wangu na kuurudisha umejaa wino. Huku nyumbani alikuwepo Mzee Khaemba. Alikuwa afisa wa afya Kitale, na kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya upande wa Kachibora kwa pikipiki, akihimiza kila boma lichimbe choo. Ndiye aliyeniokota kutoka zahanati nilikokuwa nikipima joto la watoto, akaniambia kichwa changu kinaozea pale. Barua ya kunipendekeza aliipiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili, jioni tatu mfululizo, na kila alipokosea herufi alichomoa karatasi na kuanza upya. Bila barua ile nisingekanyaga uwanja wa ndege.

Tasnifu yangu ilijengwa juu ya vijiji vyake. Nilitaka kuonyesha kwamba mahali ambapo kila boma limepata choo, watoto wameacha kuhara. Lilikuwa pia jambo la kiburi changu, niseme ukweli. Kule Uholanzi, katika semina, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa sauti ya huruma kwa nini watu wa kwetu hawapendi vyoo. Nilimjibu kwa hasira kwamba watu wetu wanavipenda sana, tatizo ni kwamba hawana, na wakipata wanavitumia kama mtu mwingine yeyote. Profesa Margriet akatikisa kichwa kwa kunikubali, na nikatembea hadi chumbani kwangu kwenye baridi ile nikijiona nimelinda kwetu.

Kitale nilipanga chumba nyuma ya posho mill. Unga ulipita chini ya mlango ukatua juu ya kitanda, juu ya kompyuta, ndani ya kikombe cha chai. Nilikohoa unga mwaka mzima. Wapangaji sita tulitumia choo kimoja, na ukutani mtu alikuwa ameandika kwa makaa, "Mwaga maji bana, we si ng'ombe." Asubuhi nilikula mandazi mawili, nikabeba fomu zangu, nikaenda Kachibora. Fomu ilitengenezwa Uholanzi na ilikuwa na utaratibu wake: umtafute mkuu wa boma, umsalimu, umuulize yeye. Swali la kumi na nne lilikuwa, je, boma lina choo? Na la kumi na tano, je, kila mtu wa boma hukitumia? Basi mzee anaketi kwenye stuli mbele ya nyumba, mimi naketi kwenye kiti kilichofutwa kwa ajili yangu, wake na watoto wamesimama pembeni, mke wa kijana wake anapiga magoti kuninawisha mikono kabla ya ugali na mboga za saga. Nauliza. Mzee anajibu, "Ndio, wote." Naandika ndiyo. Miezi minane niliandika ndiyo, na kila jioni nilipopanga fomu zile kwenye katoni chini ya kitanda nilifurahi, ingawa takwimu za zahanati zilikuwa hazikubaliani na furaha yangu. Kwenye daftari la muuguzi, watoto wa vijiji vile waliendelea kuhara kama zamani. Nikalaumu maji. Nikalaumu nzi. Nilimwandikia Profesa barua pepe ndefu juu ya visima.

Siku moja mwezi wa nane nilikuwa katika boma la mzee mmoja jirani na Kachibora, mtu mcheshi, aliyejivunia choo chake hadi akanitembeza nikione. Simu yangu ikaita, na kwa kuwa mtandao ulikuwa wa kutafutwa, nikazunguka nyuma ya nyumba ndogo ya mwanawe nikaingia kwenye mahindi. Nikakanyaga. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi nilivyonunua kule ng'ambo, vya ngozi, vya kujionyesha, na yale mavi yalikuwa mabichi. Yalipanda katikati ya vidole. Nikaangalia chini nikaona si hayo tu. Mstari mzima wa mahindi ulikuwa umegeuzwa msala, mengine yamekauka, mengine ya jana, nzi wamejaa. Nilitapika ile saga yote. Mwanamke mmoja akatoka nyumbani akikimbia na maji kwenye kopo. Alikuwa Nekesa, mke wa kijana wa mzee yule, ndiye aliyeninawisha mikono nusu saa kabla, na mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume, Wafula, aliyekonda shingo.

Aliniosha mguu kwa mikono yake, akicheka kwa aibu. "Pole, dakitari. Sikujua utapitia huku. Hapa ni kwangu."

"Kwako vipi? Si kuna choo pale? Mzee amesema mnatumia wote."

Akaacha kunisugua. Akaniangalia usoni ili aone kama ninamtania. "Ile ni choo ya baba mkwe. Nitachuchumaa aje mahali baba mkwe anachuchumaa? Hata kuonekana naelekea huko ni haya." Akampandisha mtoto mgongoni. "Lakini wewe si ni wa huku? Si unajua hii mambo?"

Nilijua. Hilo ndilo linalonitia kinyaa hadi leo kuliko yale yaliyokuwa mguuni. Nilikua nikijua. Hakuna mtoto wa kwetu anayehitaji kufundishwa kwamba mke wa kijana hakai kwenye kiti cha baba mkwe, hakanyagi chumba chake cha kulala, na hashiriki naye choo, na kwamba haya hiyo ni ya pande zote mbili. Nilimwona mama yangu, miaka yote ya utoto wangu, akiamka mapema kuliko kila mtu na kushuka mtoni huku choo cha babu kikisimama wazi. Kisha nikasoma, nikavuka bahari, nikaletewa karatasi iliyoniambia nimuulize baba mkwe mbele ya mkamwana kama mkamwana anatumia choo, na nikauliza! Nikaandika jibu! Profesa wangu hakuwa na njia ya kujua. Mimi nilikuwa nayo, nikaifungia, kwa sababu ya swali la mtu mmoja mwenye huruma kwenye semina.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Nekesa katika wodi ya watoto mjini Kitale. Wafula alikuwa amelazwa na mrija wa maji mkononi, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Kitanda kilikuwa na watoto watatu na kilinuka vile wodi hizo zinavyonuka, na Nekesa alikuwa anafuta chini yake kwa kanga yake mwenyewe. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na fomu ya boma lao. Kumi na nne, ndiyo. Kumi na tano, ndiyo. Mtoto alipona, tena kwa bahati na kwa kazi ya wauguzi, wala si kwa lolote nililolifanya mimi.

Jumapili ile nilikwenda kwa Mzee Khaemba. Nyumba yake ya serikali Kitale ilikuwa na sebule ndogo yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, kalenda tatu ukutani, na picha yake akikabidhiwa cheti cha vijiji safi. Mkewe alituchinjia kuku. Nilimweleza Mzee nikiwa na firigisi sahanini, na firigisi kwetu hapewi mwanamke. Mzee ndiye aliyekuwa akinipa tangu nilipopata nafasi ya kusoma, kama utani, kama heshima. Nilimwambia nitamweleza Profesa akija kwamba fomu zote za miezi minane hazina maana. Alitafuna polepole. Kisha akasema, "Nanjala, mwanangu, vyoo viko ama haviko?"

"Viko, papa."

"Basi andika viko. Kazi yako ni kuhesabu vyoo. Nani alikutuma uhesabu matako?"

Nilikwenda nje kunawa mikono, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nikamsikia akimwambia mkewe, kwa sauti ya chini ambayo kwake haikuwa ya chini: "Ati mtoto wetu anataka kubeba mavi ya wakamwana wetu apelekee wazungu wasome. Mimi ndio nilimpeleka shule ya hayo?" Mkewe aliendelea kuosha vyombo. Nilisimama pale na mikono inadondoka maji. Mtu huyu alinipa kila kitu nilichokuwa nacho, na sasa alikuwa anataka nimlipe kwa uongo mmoja mdogo ambao tayari nilikuwa nimeuandika mara mia. Nilichukizwa naye. Nilichukizwa zaidi na jinsi lile wazo la kunyamaza lilivyokuwa limenikaa vizuri.

Profesa Margriet alifika mwezi wa tisa. Mzee Khaemba aliagiza chakula katika hoteli moja ya mjini, akavaa tai, akaja na kile cheti chake ndani ya bahasha. Wakaleta ugali, kuku, na mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Profesa aliuinua mrenda ukafuata mkono wake hadi kidevuni, akatabasamu, akameza kwa nguvu, akasema ni mtamu sana. Mzee akacheka kwa furaha. Nikawatazama wote wawili, huyu anayemeza asichokipenda kwa adabu, na huyu anayefungua bahasha, na mimi mwenyewe katikati nikitafsiri, na ghafla adabu yote ile ikanichefua kuliko mahindi ya Nekesa. Nikaweka tonge chini. Nikasema yote, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili Mzee asije akasema nilimsengenya mbele yake.

Profesa alifuta kidevu. "Nani alikuwa analijua hili?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. Alisema atapigania niongezewe mwaka mmoja, na alipigania kweli, lakini kwa sharti moja: katika tasnifu nitaandika, kwa jina langu, kwamba fomu za kwanza zilikuwa za uongo na kwamba mjazaji alijua. Mzee Khaemba alikuwa amesharudisha cheti kwenye bahasha. Aliondoka bila kunawa mikono. Nilimwona kwenye dirisha akivuka barabara, tai imepeperukia begani, wala hakuirekebisha.

Miezi minne hakunisalimu. Nikimkuta sokoni anageukia nyanya. Nilianza upya peke yangu, safari hii niliwatafuta wakamwana mtoni na kwenye mashamba, bila wazee, bila kiti, na kila mmoja alinionyesha mahali pake kwenye mahindi akicheka kama Nekesa. Harufu ile iliingia kwenye nguo zangu ikachanganyika na unga wa posho. Nililala nayo.

Kisha mwezi wa kwanza, mtu wa kioski kilichokuwa mbele ya chumba changu akaniita. "Sasa, madam. Kuna mzee ameacha hii, amekataa kungoja." Kilikuwa kifurushi cha gazeti, kimefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake kulikuwa na madaftari ya mazoezi, ya zamani, kingo zimeliwa na mende, mwandiko wa Mzee Khaemba tangu siku zake za pikipiki. Boma kwa boma, choo kwa choo. Na kando ya maboma mengi, kwa penseli nyekundu, herufi M. Mbele ya daftari la kwanza alikuwa ameeleza: M, mkamwana haendi. Alikuwa ameliona kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Kipande cha karatasi kilikuwa kimechomekwa ndani: "Mkubwa wangu aliniambia ninakili upya bila alama. Nilinakili. Ndipo nikapewa cheti. Wewe usinakili." Hakusema samahani, na mimi sikuitaka. Nilisoma madaftari yale siku tatu, na kinyaa changu kwake hakikuisha. Kilichanganyika na kitu kingine, sijui nikiite nini, kama vile kumwona mzazi wako akilia chooni.

Likizo ya Pasaka alikwenda nyumbani Kibabii, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akavua shati, akachimba choo cha pili kwa jembe na sululu. Watu walikuja kumtazama. Mkamwana wake Rispa alikuwa ameolewa karibuni tu na alikuwa akienda kwenye mahindi kama wenzake. Mzee alijenga kwa matofali, akapaka mlango rangi ya kijani, akamtuma mkewe amkabidhi, kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza kulitamka. Rispa ndiye aliyenisimulia, miaka baadaye, na alisema kwamba tangu siku hiyo mzee alipokuwa akienda upande ule alizungukia mbali, ili asikaribie.

Na sasa waheshimiwa walikuwa wamekifunga. Niliposhtuka kwenye kiti changu, mheshimiwa mmoja alikuwa na kipaza sauti, anasema marehemu alileta vyoo Trans-Nzoia yote na sisi tuige mfano wake. Watu wakapiga makofi. Mwingine akasimama akasema yaleyale. Foleni pale zizini haikuwa imepungua, na Rispa alikuwa amerudi kutoka kwenye mahindi, anabeba sinia la wali, pindo la leso yake limelowa na lina matope. Nikasikia mshereheshaji akiniita, mwanafunzi wa marehemu, Profesa Nanjala, aje atupe neno. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Nilizikunja nikazitia mkobani.

"Kabla sijasema lolote juu ya mzee," nikasema, "nataka ufunguo wa choo cha kijani."

Kicheko kikaanzia kwa akina mama kikaenea hema zima. "Prof amebanwa, jameni!" mshereheshaji akasema. "Si mnapea yeye ufunguo haraka, mwajua umri!" Nikawaacha waamini hivyo. Nilisimama pale na kipaza sauti, nimebanwa mbele ya ukoo mzima, wabunge na maaskofu, na sikuongeza neno. Yule bwana wa kamati alipapasa mifuko yote, akautoa, ukapitishwa mkono kwa mkono, kiti kwa kiti, kupitia kwa mheshimiwa aliyekuwa anakula nyama, hadi ukanifikia umelowa mafuta. Nikaufumbata. Kisha nikasema kwamba mzee alinipa madaftari yenye alama nyekundu, na kwamba hicho ndicho kitu safi kuliko vyote nilivyopewa maishani, nikaketi. Wengi hawakuelewa, na sikujali.

Nilimkuta Rispa nyuma ya jikoni, anakwangua ukoko wa sufuria. Nilimpa ufunguo bila kusema kitu, maana mambo hayo hayasemwi mbele ya watu, na shemeji zake walikuwa karibu. Hakunitazama usoni. Aliuangalia ufunguo kwenye kiganja chake, akaufuta mafuta ya mheshimiwa kwa pindo la leso, pande zote mbili, akaenda zake kwenye mlango wa kijani.